Selo Iliyopakwa Grisi

Asubuhi ile niliondoka Nakawa bila kujua ninakwenda wapi. Sikuwa nimegombana na mtu wala kufukuzwa. Nilikunja blanketi, nikamrudishia mwenye chumba ufunguo wake, nikaenda kusimama kando ya barabara ya Jinja, mahali ambapo malori hupunguza mwendo, nikainua mkono. Nimeondoka hivyo katika miji mingi. Wenzangu wa rika langu wana viwanja na wajukuu. Mimi nina begi moja, na ndani ya begi kuna mkebe wa rangi ya viatu usio na rangi ya viatu. Lori lililosimama lilikuwa limebeba kreti tupu za soda. Dereva, Mkenya wa makamo aliyejifunga taulo shingoni, akaniuliza, "Mama, waenda wapi?" Nikamwuliza yeye anakwenda wapi.

"Mbale."

"Basi na mimi Mbale."

Tulipoingia msitu wa Mabira akaanza kunusanusa. "Kuna kitu hapa kinanukia kama kanisa," akasema. Nikamfungulia mkebe. Ndani mlikuwa na bonge la ubani lisilozidi dole gumba, limelika upande mmoja, na katikati lina mfereji mwembamba kama ule unaochimbwa na kamba kwenye ukingo wa kisima.

"Ni dawa?"

"Ni ya selo."

"Selo ni nini?"

Barabara ilikuwa ndefu. Na siku iliyotangulia nilikuwa nimepanda kilima cha Nsambya kumwulizia mtu mmoja, nikaambiwa alikufa zamani, na hakuna aliyekumbuka amezikwa wapi. Kwa hiyo nikamweleza dereva. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo kelele za kreti hazikunipa nafasi kuyasema.

Nilikulia kwenye nyumba za reli, Nsambya. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Yeye na Mama walitoka Bungoma kabla sijazaliwa, kwa hiyo ndani tulisema Kibukusu, uani Kiswahili, na dukani Kiganda cha kuombea chumvi. Vita vilikuwa vimekwisha. Watu wazima walisema "vimekwisha" kwa sauti ileile waliyosemea mvua, wakiangalia juu kwanza. Sisi watoto tuliokota maganda ya risasi kwenye nyasi na kuyapuliza. Ganda fupi lilikuwa na sauti kali, ganda refu sauti nzito, na mimi nilikuwa na saba kwenye kamba, nimeyapanga kutoka dogo hadi kubwa. Nadhani muziki wangu ulianzia hapo.

Juu ya kilima, karibu na kanisa, kulikuwa na stoo ndefu ambamo watu walikuwa wamejificha wakati wa mapigano. Siku moja Padri alituomba watoto wa mtaa tumsaidie kutoa magodoro yaliyooza. Nyuma ya godoro la mwisho nikakuta sanduku jeusi, refu kunizidi, lenye kiuno. Lilifungwa kwa vibanio vitatu vilivyoshika kutu. Nilivifungua kwa kijiko. Harufu iliyotoka ndiyo niliyoifuata maisha yangu yote: vumbi, mavi ya panya, mbao kongwe, na chini kabisa kitu kitamu ambacho sikukijua jina. Ndani kulikuwa na kitu kama gitaa la jitu, rangi ya chai ya rangi, na upinde mrefu. Nikajua huyo jitu pia huwinda.

Padri alikuwa mtu wa haraka, aliyekuwa akijibu swali huku ameshaanza kuondoka. Alisema hiyo inaitwa selo, iliachwa na padri mwingine kabla mimi sijazaliwa, na kuna shule ya bweni inayotafuta vyombo vya muziki. "Kama hapa hakuna anayejua kuipiga, iende kule."

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Rajabu, mlinzi wa pale misheni. Alikuwa Mnubi, Mwislamu wa kofia nyeupe, na alivaa koti kuukuu la bendi ya polisi lililobakiwa na kifungo kimoja. Zamani alipiga pembe kubwa kuliko zote, ile inayomzunguka mtu kutoka kiunoni hadi begani. Meno yake manne ya mbele hayakuwapo. Mimi niliamini kwamba pembe ndiyo iliyoyang'oa. Kwamba mtu akivuta pumzi vibaya, pembe humvuta jino. Niliwaeleza watoto wenzangu jambo hilo kama mtu aliyeshuhudia. Ilinichukua miaka kujiuliza ni nani hasa aliyemng'oa meno mzee yule, na katika vita vipi, na kwa nini tangu hapo hakuwahi tena kushika pembe.

Mzee Rajabu alifumba macho kidogo, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

"Mimi najua, Padri."

"Wewe?"

"Kidogo. Naweza kumfundisha huyu aliyeiona."

Padri alinitazama, mimi na vumbi langu. "Haya. Mpaka sikukuu ya parokia. Mwalimu wa muziki wa shule hiyo atakuja kusali nasi. Kama siku hiyo haitatoa sauti ya maana, ataondoka nayo." Maneno ya mwisho aliyasemea uani.

Nyumbani shida haikuwa muziki. Shida ilikuwa namna ya kukaa. Nilipomwonyesha Mama jinsi selo inavyoshikwa kati ya magoti, akaweka mwiko chini. "Mtoto wa kike, hivyo? Mbele ya padri?" Baba alicheka, akasema labda wanitafutie fidla ndogo ya begani. Lakini Jumamosi Mama aliteremsha pazia la chumbani, la maua ya kahawia, akalishona sketi pana iliyofika hadi kwenye vifundo vya miguu. "Vaa hii," akasema, "ukae utakavyo." Kuanzia hapo hadi tulipohama, dirisha la chumbani lilifunikwa kwa magazeti.

Kila alasiri baada ya shule nilipanda kilima. Mzee Rajabu alikuwa amekwisha kufagia stoo na kuweka kiti kimoja katikati. Siku ya kwanza alisema kwamba chombo ni kama goti la mzee, kikikosa mafuta kinalia vibaya, akanituma kwa Baba kuomba grisi safi. Baba hakuuliza ya nini, kwa sababu watu waliomba grisi kila siku, kwa baiskeli na kwa bawaba. Mzee alichota kidogo kwa kidole, akaipaka nywele za upinde kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kwa mapenzi, jinsi alivyokuwa akilainisha vitufe vya pembe yake miaka yote kazini. Akanipa. Niliuvuta upinde juu ya nyuzi. Ulitoa sauti ya mtu anayepuliza uji.

Akafumba macho. "Upinde ni darasa la pili," akasema. "La kwanza ni vidole."

Basi tukadonoa. Kwa miezi tulidonoa nyuzi kwa vidole. Alinichorea mistari mitano kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, akaweka vichwa vya noti kama ndege waliotua kwenye waya, na alivijua vyote. Hapo hakudanganya. Nyuzi alizifunga kwa sikio lake, akikaza na kulegeza huku akiimba chini kwa chini, pom, pom, mpaka kila moja ikatulia. Kisha alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akasema maneno aliyoyasema kila siku:

"Anza wewe, nione unapokosea."

Nilianza. Nilipokosea alisema, "Hapo." Nilipojaribu njia nyingine na ikafaa, aliniambia nirudie, na nikirudia alisema, "Ndivyo." Sikuwahi kumwona akiigusa ile selo isipokuwa kuifuta na kufunga nyuzi. Niliona huo ndio ukubwa wake. Walimu wa shule walituonyesha jibu ubaoni kabla hatujalitamani. Huyu alikuwa analijua jibu na analificha ili nilipate mwenyewe. Kila nilipomwuliza swali alifumba macho kwanza, nami nilidhani anarudi ndani ya kichwa chake, kwenye rafu iliyopangwa vizuri, kuchukua jibu.

Na pumzi. Alinifundisha kupumua. "Sauti haina mwenyewe ila pumzi," alisema. "Vuta, jaza mashavu, sema neno lako lote, ndipo upumue tena." Nilikuwa nikijaza mashavu kabla ya kila mstari wa wimbo. Wenzangu waliochungulia dirishani waliniita Chura. "Chura, leo umekula nini?" Sikujali. Siku hizo nilitembea na selo hata nilipokuwa sina selo. Nikiteka maji vidole vyangu vya kushoto vilitafuta noti kwenye mpini wa ndoo. Darasani niligundua kwamba ukingo wa dawati una urefu karibu sawa na shingo ya selo, na sikumsikia tena mwalimu.

Siku moja niligundua kwamba nikiubana uzi katikati kabisa, nusu kwa nusu, sauti inayotoka ni ileile ya uzi wote, ila changa. Mama na binti. Nilipima kwa kamba nikahakikisha, kwenye nyuzi zote nne, na zote zilikubali. Nilimkimbilia Mzee Rajabu pale langoni, nusura nimwangushe. Akafumba macho. Kisha akaja, akainama, akaweka sikio karibu na ubao, akasema, "Tena." Nikarudia. "Tena." Alikuwa anacheka, mkono juu ya mdomo kuficha pengo lake, mabega yakitikisika. Nilifurahi kwamba nimemfurahisha mwalimu. Sikuelewa kwamba kwenye stoo ile, alasiri ile, watu wawili walikuwa wamelijua jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Zilipobaki siku tisa kabla ya sikukuu, Padri alipita, akasimama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Mbona anadonoa? Yule mwalimu atataka upinde." Akaenda. Niliuchukua upinde, nikavuta kwa nguvu nilizokuwa nazo, nikasikia uji tu. Nilikaza zaidi, na uzi ule mnene kuliko wote ukakatika, ukanipiga shavuni.

Kesho yake tuliifunga selo kwenye baiskeli ya Mzee, sanduku likining'inia nyuma kama mgonjwa, tukateremka kwenda Katwe. Ukishuka kutoka Nsambya unaisikia Katwe kabla hujaiona: nyundo juu ya bati, nyundo juu ya chuma, mamia, kila moja na saa yake. Mzee alimjua fundi mmoja wa majiko ya mkaa, baba wa mapacha, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Ssalongo. Alikuwa mfupi, kifua wazi, amejaa masizi, na juu ya kichwa chake, kwenye msumari, alitundika fidla yake ya uzi mmoja, endingidi, ile wanayopiga Waganda kwenye harusi.

Ssalongo hakushangaa kuletewa selo. Alipima ule uzi uliokatika, akachukua waya wa klachi ya gari, akauzungushia waya mwembamba wa shaba aliofumua kwenye mota iliyoungua, akizungusha na kubana kwa meno, mpaka ukawa mnene na laini. Mzee aliufunga, akaimba pom. Ukakubali. Ndipo Ssalongo akauokota upinde. Alipitisha kidole kwenye nywele, akakitazama kidole, akakinusa.

"Mzee. Hapa mulipaka nini?"

"Grisi."

"Giriisi?" Aligeukia mabanda ya jirani. "Banange, mukuje muone. Mzee anataka kukaanga chapati."

Nyundo mbili tatu zikasimama. Watu walikuja wakifuta mikono. Mmoja akauliza kama kitu hicho kinapigwa au kinaendeshwa. Mwingine akasema kikiwekewa magurudumu kitafika Entebbe.

"Mzee wangu," Ssalongo akasema, sasa kwa upole, "wewe unajua hii kitu kweli?"

Mzee Rajabu alinitazama. Nilisubiri afumbe macho. Hakufumba.

"Sijui," akasema. "Sijapata kuipiga maishani mwangu."

Nakumbuka jinsi sauti zote za Katwe zilivyosogea mbali. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mtu niliyemwamini kuliko kitabu alikuwa amesema mbele ya mafundi kwamba rafu ile ya majibu haikuwapo. Nilihesabu: miezi yote hiyo, yote, nilifundishwa na mtu asiyejua. Na baada ya siku nane selo itapanda gari iende zake, na watoto wa dirishani wataniita Chura bila sababu yoyote.

Ssalongo hakuwa na muda wa huzuni yangu. Aliosha nywele za upinde kwa sabuni, halafu kwa spiriti, halafu tena, akauanika juu ya bati lililopata jua. Mzee na mimi tulikaa kwenye mabenchi mawili tofauti. Ulipokauka aliteremsha endingidi yake, akanionyesha ubavuni mwake bonge la utomvu mkavu lililogandishwa pale. "Huu unatoka kwa muti wa muwafu. Tunaita obubaani. Upinde haupendi kuteleza, mutoto. Unapenda kushika. Kama vile wewe utashika mutu anakimbia na kuku yako."

Mzee akanusa. "Huu si ubani wa kanisani?"

"Ni huohuo. Padri anachoma, mimi napaka."

Aliubandua nusu, akausugua kwenye nywele mpaka unga mweupe ukaruka, akanikabidhi upinde. Niliketi juu ya jiko lililopinduliwa, nikaitandaza sketi ya pazia. Nilijaza mashavu kwa mazoea tu. Nikavuta.

Sijui kuieleza sauti ile kwa mtu ambaye hajawahi kushika selo kati ya magoti. Haikuanzia masikioni. Ilianzia kwenye paja, ikapanda mbavuni, ikatikisa meno, na ilipofika masikioni nilikuwa nimeshaijua. Ilikuwa nzito, yenye mchanga kidogo, kama ng'ombe mkubwa anayeongea usingizini zizi la pili. Na ilidumu. Kila nilichodonoa kwa miezi kilikufa papo hapo. Hii iliishi muda wote nilioutaka mimi, ikafa niliposema ife. Nilivuta tena, na tena, uzi mmoja tu, bila wimbo wowote. Nilipoinua kichwa, nyundo za mabanda yaliyo karibu zilikuwa kimya. Ssalongo alikuwa ameshika kiuno. "Kale, haya," akasema. "Sasa imeamuka."

Kupanda kilima nilitangulia mbele ya baiskeli. Nilikuwa na furaha na hasira kwa wakati mmoja, na sikujua kwamba mtu anaweza kubeba zote mbili. Karibu na reli Mzee alisimama kupumzika.

"Umenuna, binti."

"Ulidanganya."

"Nilimdanganya Padri. Bila hivyo selo ingeondoka siku ileile." Alipumua. "Wewe nilikwambia nini? Nilikwambia anza, nione. Ukaanza. Nikaona."

Nikageuka, nikaendelea kupanda. Nyumbani nilimweleza Baba kwa uchungu habari ya grisi. Mtu wa breki alicheka mpaka akashika ukuta. Kila siku ya maisha yake, alisema, anawafokea vibarua wanaoachia grisi iguse breki, na yeye mwenyewe kwa mkono wake alikuwa ametoa mkebe. "Angeniuliza tu," alisema akifuta macho. Kisha akaacha kucheka. "Lakini angeniulizaje? Alishasema anajua."

Siku nane zile tulifanya kazi kama watu wanaochimbua mtu aliyefukiwa. Mimi nilivuta upinde, yeye alisikiliza, na sasa tulikisia pamoja waziwazi. Ukiukaza karibu na daraja la nyuzi, kile kibao kinachozinyanyua, unalia vipi? Ukiusogeza mbali? Nilimjibu kwa ufupi, kwa sababu nilikuwa bado nimenuna, lakini nilikuwa nikifika mapema kuliko zamani.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa hadi nje. Baada ya komunyo Padri alinipa ishara. Nilipiga wimbo mmoja wa ibada ambao kila mtu aliujua, polepole, neno moja kwa pumzi moja. Waya wa klachi ulinguruma kidogo kila nilipougusa, mashavu yangu yalijaa na kupungua, na nilimwona Mama kwenye safu ya tatu akiitazama sketi. Katikati ya ubeti wa pili watu wakaanza kuimba nami, chini kwa chini, bila kuambiwa. Nikasahau mwalimu wa bweni, nikasahau selo ni ya nani.

Yule mwalimu alinijia uani baada ya misa. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, kucha fupi. Aliiomba selo, akaketi, akagusa nyuzi nne, akashtuka, kisha akaanza kutabasamu.

"Nyuzi mmezifunga kwa sauti ya tarumbeta ya jeshi. Na mbona unajaza mashavu?"

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na nani?"

Padri alikuwa amesimama pale, safari hii hana pa kwenda. Mzee Rajabu alikuwa nje ya ua, kofia mkononi, akiwa amekaa tangu mwanzo wa misa mahali ambapo angesikia bila kuingia. Neno langu moja lingetosha kumfichua. Kwa siku nane nilikuwa nimelinoa.

"Na Mzee Rajabu," nikasema. "Yule pale. Hakuna anayesikia kama yeye."

Mwalimu akamwita. "Mzee, kumbe wewe hupiga selo?"

Mzee alifumba macho. Nilizuia pumzi.

"Naifundisha, mwalimu," akasema. "Kuipiga bado."

Mwalimu alicheka kwa sauti, akamgeukia Padri. "Padri, ukiiondoa hapa utapata dhambi." Akatufungia nyuzi upya jinsi inavyopaswa, akatuonyesha mimi na Mzee mahali pa kuweka dole gumba. Wiki chache baadaye alituletea kitabu, na kipande cha utomvu wa dukani kwenye kiboksi cha mbao. Tukagawana: utomvu wa dukani ukakaa na selo, ubani wa Ssalongo ukawa wangu.

Nilikuwa nayo kwa miaka miwili zaidi. Halafu kazi ya Baba ikaisha, na Mama akaanza kuuliza bei ya mabanzi ya mbao ya kufungia vitanda safarini. Tulikuwa tunarudi Bungoma. Selo haikuwa yangu. Hata kuomba sikuomba. Alasiri ya mwisho nilipanda kilima kuaga, nikachelewa, na nilipokaribia stoo nikasikia inapigwa.

Nilisimama. Kilichonishika kwanza kilikuwa wivu, mkali kama ule uzi shavuni: hata sijaondoka, amekwisha kupata mtoto mwingine. Nilienda dirishani, pale watoto waliponiitia Chura, nikachungulia.

Alikuwa peke yake. Aliketi kwenye kiti changu, koti la kifungo kimoja limefunguliwa, kofia juu ya sanduku. Upinde ulitetemeka mkononi mwake, na noti alizitafuta kwa kidole kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Alikuwa anapiga wimbo wa kwanza kabisa alionichorea kwenye mfuko wa saruji. Alikosea. Akasimama, akajiambia, "Hapo," akaanza tena. Mashavu yake yalikuwa yamejaa kabisa. Kwa selo huhitaji meno.

Sikuingia. Nilisikiliza mpaka mwisho, mara tatu, kisha nikateremka nyumbani. Nilimuaga asubuhi iliyofuata langoni kama kila mtu.

Shule niliiacha mapema. Nilichoka kuulizwa maswali na watu waliokwisha kujua majibu. Tangu hapo nimeuza samaki, nimefunga nyaya, nimefuga nyuki wa watu, nimeendesha mashine ya kusaga, na kila nilipoanza kuijua kazi vizuri miguu yangu iliwasha. Selo sikuipata tena.

Dereva aliniteremsha Mbale mvua ikianza kuushuka mlima. Kwenye uchochoro nyuma ya soko kulikuwa na kibao cha chumba cha kupanga, na mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni, Mama Nambozo. Chumba kilikuwa kidogo, kikavu, na dirisha lenye pazia. Akaniuliza nitakaa siku ngapi, nikasema sijui. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikasema yoyote. Akafunua turubai kwenye kona ya ukumbi. Chini yake kulikuwa na mashine ndefu ya kufuma sweta, sindano zake mia moja na zaidi zimepangwa kama meno.

"Ilikuwa ya dada yangu," alisema. "Shule zinafunguliwa, watoto huku juu wanahitaji sweta, na mimi kila nikiigusa inakata uzi. Hakuna hapa mtu anaijua. Wewe, dada, unaijua?"

Sikuwahi kuiona mashine kama ile maishani. Mvua ilikuwa imeshika bati. Nilifumba macho kidogo.

"Naijua," nikasema. Nikaweka begi chini, nikavuta kiti, nikampisha aketi yeye. "Anza wewe, nione unapokosea."